Tirano, Spino na Mwaka wa Mashine

Baba Moraa alizikwa Ijumaa, kando ya nyumba ambayo hakuwahi kuimaliza, kwao ng'ambo ya Sotik. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na hema lilivuja upande wa wageni. Kibet alikuja kutoka Merigi akitembelea fimbo. Sikuwa nimemwona tangu magoti yalipomtoa kazini, na nilipomwona akiteremka kwenye matope, mrefu vile vile ila amepinda, nilisimama nikampa kiti changu. Mwendesha shughuli alipoita mtu wa kuzungumza kwa niaba ya waliofanya kazi na marehemu kwenye chai, watu walimgeukia Kibet. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akalitazama jeneza, akasema, "Alikuwa mtu wa kubishana." Kisha akarudisha kipaza sauti. Watu walicheka kidogo, kwa heshima tu, wakidhani mzee amesahau alichotaka kusema. Mama Moraa hakucheka. Mimi pia sikucheka. Tulijua kwamba alikuwa amesema yote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikaa jioni baada ya kazi, nikiandika mstari mmoja, kisha mwingine, juu ya mwaka ambao mashine za kuchuma chai ziliingia kwenye shamba letu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule yangu ilikuwa imeishia darasa la nane, na Baba Moraa, ambaye ni binamu yangu mkubwa, miaka michache kabla ya hapo alikuwa amenitafutia kibarua cha kuchuma majani katika shamba kubwa upande wa Kericho, alikokuwa akifanya kazi yeye mwenyewe tangu ujana wake. Nilikaa kwake. Kambi yetu ilikuwa safu za nyumba za mawe zenye mabati mekundu, kila familia chumba kimoja na jiko dogo nyuma. Chumba kiligawanywa kwa pazia la maua: upande mmoja kitanda cha wenye nyumba, upande mwingine meza, stuli tatu, godoro la Moraa, ambaye alikuwa darasa la sita, na langu, yote mawili yakikunjwa asubuhi. Kwa kuwa baridi ya huko hupenya hata kwenye mawe, Mama Moraa alikuwa amebandika magazeti ukutani kwa uji mzito wa unga wa mahindi. Mtu akila pale mezani, alikuwa akila huku akitazamana na wanasiasa waliokwisha kushindwa na bei za magodoro za zamani. Na juu kidogo ya meza, pale taa ilipomulika vizuri, kulikuwa na ukurasa wa watoto wenye picha ya dinosaria wawili wakitazamana, midomo wazi.

Kibet, au Baba Chebet kama alivyoitwa pale kwetu, aliishi mlango wa pili. Mke wake alikuwa Merigi akitunza ng'ombe na watoto, kwa hiyo jioni nyingi Kibet alikula kwetu. Kila alipotoka nyumbani alituletea mursik, maziwa yaliyogandishwa, kwenye kibuyu, na Mama Moraa alimpikia chinsaga, mboga ile chungu ambayo Kibet aliiita isageek kwa lugha yake na kusema kwamba sisi Wakisii tuliiba kwao, jina tukaliacha. Baba Moraa alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti kubwa. Kibet alikuwa mrefu kiasi kwamba aliinama kuingia mlangoni hata mvua ilipokuwa ikimfukuza. Wakiwa kazini walichuma mistari inayofuatana. Wakiwa nyumbani walibishana juu ya wale wanyama.

Sijui ni nani aliyeanza. Nilipofika nilikuta ubishi huo ukiwa mzee tayari, na kila mmoja akiwa na mnyama wake. Wa Kibet alikuwa yule wa kichwa kikubwa na mikono midogo, Tyrannosaurus, ambaye pale nyumbani aliitwa Tirano. Wa Baba Moraa alikuwa Spinosaurus, yaani Spino, mwenye mdomo mrefu kama wa mamba na kitu kama tanga mgongoni.

"Hiyo yako ni samaki tu," Kibet alikuwa akisema, akikata ugali. "Samaki mwenye miguu. Inakula samaki, inaishi kwa maji. Tirano akiuma mara moja, mfupa umekuwa unga. Mfupa, Baba Moraa! Si nyama."

"Aume na nini? Aangalie mikono yake kwanza. Mikono kama ya mtoto wa juzi. Hata kujikuna hawezi. Spino amemshika hapa na hapa, na hizo kucha, amemvuta mpaka mtoni, amemkalisha chini ya maji. Kwisha."

"Nani amekwambia wanapigana mtoni? Wanapigana kwa chai."

"Kwa nini kwa chai?"

"Kwa sababu mimi ndio nimekuja kwako kula. Mgeni ndiye anachagua."

Mama Moraa aliwaambia wangekuwa wanabishana juu ya bei ya unga tungekuwa matajiri. Moraa ndiye aliyekuwa mwamuzi, kwa kuwa maneno ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza naye alikuwa akiyasoma na kutafsiri. Mimi sikutakiwa kusema neno, na hiyo ilinifaa. Tangu utotoni maneno yangu hufika nikiwa peke yangu, saa moja baada ya watu kuondoka. Pale mezani nilikula, nikasikiliza, na nadhani hakuna mahali popote duniani nilipowahi kukaa nikiwa nimetulia hivyo.

Jioni moja Moraa alipanda juu ya stuli ili asome maandishi madogo kabisa, yaliyokuwa yamefunikwa na moshi. Aliyafuta kwa kidole kilicholowa. "Baba," akasema, "hawa hawakukutana. Imeandikwa Spino alikuwa Afrika, kule juu kaskazini, na Tirano alikuwa Amerika. Halafu Spino alikufa zamani sana kabla Tirano hajazaliwa. Mamilioni ya miaka."

Wanaume wote wawili waliacha kutafuna. Baba Moraa alikuwa wa kwanza kuzinduka. "Umesikia? Wangu ni wa Afrika. Mwenzetu! Na wewe, Baba Chebet, unashabikia Mwamerika."

"Kama hawakukutana," Kibet akasema polepole, "basi sisi ndio tutawakutanisha. Kwani kuna mtu mwingine ana nafasi?" Tukacheka wote, hata Mama Moraa. Nikikumbuka kicheko kile sasa naona kilikuwa cha mwisho cha aina yake katika chumba hicho, ingawa hakuna aliyejua. Wiki hiyo hiyo lori lilileta mashine.

Tulikuwa tumezisikia kwa majirani. Ni chombo kirefu chenye meno upande wa mbele, kama mashine ya kinyozi iliyokuzwa ikalala juu ya mstari wa chai. Watu wawili hukishika, mmoja kila upande wa mstari, wakatembea hatua kwa hatua huku kikikata majani na kuyapuliza kwenye gunia refu linaloshikwa nyuma na mtu wa tatu. Upande mmoja kuna injini, na mwenye kushika upande huo ndiye anayeongeza na kupunguza mafuta. Watatu hao hufanya kwa siku kazi ya watu wengi sana. Nyapara alituita uwanjani akatueleza kwa upole, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa, kwamba watachaguliwa watu wa kushika mashine, kwamba watu watajiandikisha wenyewe wawili wawili kwa majaribio, na kwamba wengine watalipwa haki zao na kurudisha funguo za nyumba. Neno lile la funguo ndilo watu walirudi nalo nyumbani. Wa gunia alikuwa kibarua wa siku tu, hakuhesabiwa, hakuwa na nyumba.

Jioni hiyo nilikuwa nje nikipasua kuni nikawasikia Baba Moraa na mkewe nyuma ya pazia. Walidhani niko bombani. "Tukitoka hapa tunaenda wapi?" Mama Moraa aliuliza. "Kule nyumbani kuna nini? Kuta bila paa. Moraa yuko darasa la sita hapa. Unamhamisha uende naye wapi?"

"Hatutoki. Mimi na Kibet tumejiandikisha pamoja."

"Wewe na Kibet?" Nikasikia kitanda kikilia. "Baba Moraa, umewahi kusimama karibu na Kibet ukajiangalia?"

Baba Moraa alikuwa amelifikiria tayari, kwa sababu lilikuwa jambo ambalo kila mchuma chai aliliona mara moja. Mashine lazima ilale sawa. Ikiinama upande mmoja, inakula mpaka kwenye matawi magumu ya chini, na mstari huo hautatoa majani mazuri kwa muda mrefu. Upande mwingine inapita hewani ikiacha majani yamesimama. Mtu mrefu na mtu mfupi hawawezi kuishika pamoja kwenye uwanja wa tambarare. Ila shamba letu halikuwa na tambarare. Lilikuwa mlima mtupu. Na Baba Moraa aliona kwamba mistari ikiwa imelala kuukata mteremko, njia ya upande wa juu iko juu kuliko ile ya chini. Mfupi akitembea upande wa juu na mrefu upande wa chini, mikono yao itakuwa sawa. Alimweleza Kibet akichora kwa kidole kwenye ugali, na Kibet akapiga meza akasema, "Huyu Mkisii! Hii akili ulikuwa umeificha wapi wakati tunabishana?"

Nyapara aliita mtu mmoja kutoka kila jozi aende kufundishwa injini, na walikubaliana aende Kibet, kwa kuwa yeye aliwahi kuendesha mashine ya kukata nyasi za ng'ombe. Baada ya hapo tulianza mazoezi. Hatukuwa na mashine, kwa hiyo tulitumia mbao ya kitanda, na juu yake Mama Moraa akaweka sufuria iliyojaa maji nusu. Kila jioni baada ya majani kupimwa kwenye mizani tulipanda kwenye mistari iliyo nyuma ya kambi, Baba Moraa upande wa juu, Kibet upande wa chini, mimi nyuma nikishika gunia tupu. Watoto wa kambi walitufuata wakipiga kelele. "Chunga maji! Chunga maji!" Wale wawili walikwenda hatua moja moja, macho kwenye sufuria, wakibishana bila kuinua vichwa.

"Tembea kama Tirano, si kama bata."

"Tirano ndiye alitembea kama bata. Mkia nyuma, tumbo mbele."

"Maji yanaenda upande wako, Spino."

Mwanzoni maji yalimwagika, kisha yakatulia. Kuelekea mwisho walikuwa wakifika ukingoni mwa mstari sufuria ikiwa kama imewekwa mezani. Pale ukingoni waliweka mbao begani mwangu, wakateremka kambini wakitembea mmoja nyuma ya mwingine, Baba Moraa akieleza kwa mikono jinsi Spino angemzunguka mwenzake. Nimepita njia hiyo mara nyingi tangu wakati huo. Kila mara najiuliza jinsi watu watatu waliozoea chai, wanaojua kila kona ya mlima ule, walivyoweza kwenda na kwenda bila hata mmoja wetu kufikiria habari ya kurudi.

Siku ya majaribio kulikuwa na jua, jambo ambalo watu walilichukua kama dalili njema. Nyapara alisimama na mtu wa ofisi kwenye barabara ya juu. Jozi zilizotutangulia, nyingi zilikuwa za ndugu wa urefu mmoja waliosawazisha mteremko kwa kukunja viwiko kidogo, zilifanya vizuri kiasi. Kibet alivuta kamba, injini ikanguruma, na wakaenda. Nilikuwa nyuma nimeshika gunia, nikayaona majani yakiingia kama maji. Sijaona mstari uliokatwa vizuri hivyo. Uso wa chai ulibaki umelala kama kitanda kilichotandikwa. Tulipofika mwisho nyapara alipiga makofi mara mbili. Baba Moraa alifuta jasho, akanitazama, akanikonyeza.

"Sawa," nyapara akaita. "Geuzeni mrudi na mstari wa pili."

Mashine ikigeuzwa, mkono wa injini uliokuwa upande wa chini unakuja upande wa juu. Kibet alikuwa ameshika injini. Alipanda njia ya juu, na Baba Moraa akashuka ile ya chini. Walisimama hivyo, mmoja akiwa karibu mawinguni, mwingine chai ikimfikia kifuani, na mashine ikiwa imeinama katikati yao kama ubao wa kubembea wa watoto. Niliona uso wa Baba Moraa ukielewa. Hakuna aliyecheka.

"Tuibebe tu turudi nayo mpaka mwanzo," Kibet alisema.

"Mashine haitembei bure," nyapara akajibu. "Inaenda ikikata, inarudi ikikata."

"Basi tubadilishane. Nipe injini," Baba Moraa akasema, akapanda juu haraka akiteleza. Hakuwa amefundishwa. Aliongeza mafuta kwa nguvu, injini ikapiga kelele, meno yakazama kwenye chai, na nikasikia mti ukivunjika. Nyapara alikimbia akishuka. "Wacha! Wacha! Unakula shamba!" Injini ilizimwa. Katikati ya mstari kulikuwa na shimo la matawi meupe. Mtu wa ofisi alikuwa akiangalia saa.

Nyapara alitutazama wote watatu. Hakuwa mtu mbaya. Siku ile alikuwa amechoka tu. "Wewe wa gunia," akaniambia. "Wewe pia ni mrefu. Shika upande wa chini umalizie mstari tuone."

Sikusogea. Nilikuwa na maneno, nadhani yalikuwa "mimi hapana," lakini hayakutoka. Kibet alitazama chini. Yeye pia alikuwa na watoto Merigi. Aliyekuja ni Baba Moraa. Alishika gunia mkononi mwangu, akalivuta taratibu, kisha akachukua mkono wangu akauweka kwenye chuma. "Shika, kijana," alisema. "Mashine inapoa." Kibet alivuta kamba. Tukatembea, mimi na yeye, urefu mmoja, na mstari ukakatwa sawa mpaka mwisho, na nyuma yetu Baba Moraa alibeba gunia. Majina yaliyoandikwa yalikuwa mawili.

Jioni hiyo Mama Moraa alipika chinsaga kama kawaida. Nilikaa kwenye ukingo wa stuli nikiwa tayari kuondoka kama ningeambiwa niondoke, lakini aliniwekea chakula kingi kuliko siku zote, jambo lililonichoma zaidi. Nilimwambia Baba Moraa nitakwenda kwa nyapara nikatae. Ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote za mwaka ule. Baba Moraa alisema, "Ukikataa watamchukua mwingine mrefu. Unadhani watanirefusha mimi?" Tukala. Kibet alikuja amechelewa, akainama mlangoni na kibuyu chake, akakaa mahali pake. Tulisikia majirani wa upande mwingine wakisali.

Kisha Baba Moraa aliinua macho kwenye ukuta. "Baba Chebet," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "nimefikiria. Wewe ndiye ulikuwa na haki. Tirano anashinda."

Kibet aliweka kikombe chini. "Hapana."

"Anamvunja shingo mara moja. Ule mdomo wa Spino ni mwembamba, wa kuvulia samaki. Hawezi."

"Nimesema hapana. Na mto? Umesahau mto? Anamvuta kwenye maji."

"Hafiki mtoni."

"Baba Moraa, usinifanyie hivyo." Sauti ya Kibet ilikuwa ikikwaruza. "Nitukane. Niambie mimi ni mwizi wa kazi. Lakini usiniachie hii. Bishana na mimi."

Baba Moraa alitikisa kichwa, akamega ugali, akala. Moraa alimwangalia baba yake, kisha akakunja vitabu vyake vya shule ingawa hakuwa amemaliza. Kibet alikaa mpaka chai ikapoa kikombeni, akaenda zake. Hakuaga, na si kwa hasira.

Baba Moraa na familia yake waliondoka mwisho wa mwezi, pikapu ikiwa imebeba kitanda, meza na kuku wawili kwenye kikapu cha kuchumia. Walikwenda Kedowa, ambako shemeji yake alimpatia kazi ya kupakia viazi kwenye malori, na huko ndiko kifua kilipoanza kumsumbua miaka iliyofuata. Siku ya kuhama Kibet nami tulikuwa kwenye mashine, mlima wa juu. Tuliiona pikapu ikipita barabarani chini, ndogo, mvua ikianza. Kibet alipunguza mafuta kidogo, kisha akayarudisha.

Nilibaki na nyumba. Ndivyo ilivyokuwa: mwenye kushika mashine alipewa chumba, na chumba kilichokuwa wazi kilikuwa kile. Kibet hakuingia tena kula. Alikuwa akisimama mlangoni kunijulisha tutaanza bloku gani ya chai kesho, anageuka. Kazini hatukuweza kuzungumza kwa sababu ya injini, na nadhani hilo lilitusaidia sote wawili. Tulitembea mwaka mzima, yeye huku, mimi kule, chai katikati, watu wa gunia wakibadilika nyuma yetu.

Mara moja tu, karibu na mwisho wa mwaka huo, mafuta yalikwisha tukiwa ukingoni mwa mstari na tukakaa chini kungoja dumu jingine. Ukungu ulikuwa umefunika kambi. Kibet alikuwa akichana jani la chai vipande vidogo vidogo. Bila kunitazama akasema, "Wewe hujawahi kusema. Miaka yote umekaa pale unakula. Nani angeshinda?"

Moyo ulinipiga kana kwamba nimeitwa mbele ya darasa. "Spino," nikasema.

Akageuka haraka. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu wale waondoke. "Spino? Samaki yule? Anavunjwa shingo kabla hajageuka! Sema, anashinda namna gani?" Akangoja, amenisogelea, tayari kabisa kunikatiza.

Nilitafuta la kumjibu. Nilijua yote yaliyokuwa yakisemwa, kucha, mto, ile mikono midogo. Nilikuwa nimeyasikia kila jioni. Yalikuja mpaka kooni yakiwa ya mtu mwingine, kwa sauti kubwa ambayo sina. Kibet aliendelea kungoja. Dumu lililetwa, tukajaza, naye bado alikuwa akinitazama. Kisha akavuta kamba, mashine ikawaka, tukaigeuza, tukarudi.